Utepe wa Buluu

Mkuu wa kituo aliicheza ile video kwa mara ya tatu, akaisimamisha pale kisu kinapoingia begani, kisha akajiegemeza kwenye kiti na kushika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Haya, Msasa," alisema. "Nionyeshe hapo unataka kupeleleza nini."

Msasa halikuwa jina alilopewa na wazazi. Maofisa wenzake ndio waliombandika, kwa sababu akishika jambo hulisugua mpaka rangi itoke, na baadhi yao walishawahi kusuguliwa. Alikuwa inspekta, mwanamke wa makamo, mfupi, anayevaa viatu visivyotoa sauti. Tangu asubuhi hasira ilikuwa imemkaa kooni na alikuwa bado hajajua ni ya nani.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na jiko ambalo si jiko. Kuta zake zilikuwa mbao zilizopakwa rangi ndani ya ghala la zamani, na sinki lake halikuwa na bomba. Mwanamke amesimama na kisu. Mwanamume mfupi yuko mbele yake, anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mkono wa mwanamke unapanda, unashuka, mwanamume anaanguka. Na mwanamke hamtazami aliyeanguka. Anautazama mkono wake.

"Mwigizaji amemchoma mumewe, ambaye ndiye mwongozaji wa filamu, mbele ya kundi zima la wafanyakazi," Mkuu alisema. "Kisu cha mpira alichotakiwa kutumia tumekikuta ndani ya mkoba wake. Mwenyewe amekiri. Na mume amesamehe, unasikia? Amesamehe. Leo anatoka hospitali. Daktari ataandika kwamba akili za mkewe zimechoka, mume atatia saini, atamchukua akamtunze nyumbani. Hakuna mahakama wala magazeti. Umeona wapi aliyechomwa anamwombea aliyemchoma?"

"Sijaona. Ndiyo maana nauliza."

"Hasira hasara, Msasa."

"Basi niachie hiyo hasara mpaka jioni, afande."

Mkuu alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu, na uvivu ukivaa sare huitwa busara. "Mpaka gari la hospitali litakapofika hapa. Likifika, faili naifunga."

Kabla hajatoka, Msasa aliomba video ichezwe tena. Mkuu akaicheza huku akisifu kamera za siku hizi, kwamba picha ni safi mpaka jasho unaliona. Ilikuwa safi kweli. Uso wa mume ulikuwa umepata mwanga vizuri kuanzia paji hadi kidevu, na uchungu wake ulionekana wote. Jambo hilo lilimkera Msasa, na hakujua kwa nini.

Alimkuta mke kwenye selo ya wanawake, ameketi wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, mfano wa mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno. Alikuwa na uso ambao watu wengi waliufahamu kwenye mabango, lakini leo ulikuwa umekunjwa na kuwekwa pembeni.

"Ni mimi niliyebadilisha kisu," alisema kabla hajaulizwa.

"Unakumbuka ukikibadilisha?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje?"

"Kilikuwa kwenye mkoba wangu. Na mimi sikumbuki mengi siku hizi, afande. Nazima jiko, nakuta linawaka. Naweka funguo mezani, nazikuta kwenye friji. Mume wangu amechoka kunitafutia vitu."

"Kisu cha kweli si kizito kuliko cha mpira?"

Mke aliitikia kwa kichwa polepole. "Nilikihisi kizito. Nikadhani ni mkono wangu umechoka. Nikajisemea, ni mimi tena."

Mtu mzima ameshika chuma, mkono wake umemwambia ni chuma, naye akaona heri auamini mpira kuliko mkono wake. Hilo halitokei kwa siku moja. Hufundishwa.

"Na mbona ulishusha kwa nguvu? Yalikuwa mazoezi."

"Mume wangu aliniambia nishushe kweli. Alisema nimekuwa nikimwonea haya mwigizaji mwenzangu, nisimwogope yeye." Alivuta pumzi. "Mimi si wa kutegemewa tena, afande. Muulize yeyote pale studio. Sijui hata pa kusimama."

"Pa kusimama?"

Akaeleza. Kila mwigizaji hubandikiwa utepe sakafuni, kila mtu na rangi yake. Wake ulikuwa wa buluu. Unaingia mlangoni, unasema maneno yako, unasimama juu ya utepe bila kutazama chini, maana kamera na taa vimekwisha kuwekwa vikusubiri hapo. Mwigizaji mzuri hauangalii utepe. Miguu hukariri siku ya kwanza, na hiyo inatosha.

"Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kukosa alama," alisema. "Kwenye filamu hii nimeikosa karibu kila siku. Watu wanaacha watoto wao nyumbani, wanasimama kwenye joto la taa wakinisubiri mimi nijifunze kusimama. Mwishoni nilikuwa naingia huku natetemeka."

"Mumeo alikuwa anakufokea?"

"Angefoka ningepona. Hafoki. Anakuja taratibu, anainama mbele ya wote, ananionyesha utepe kwa kidole. Ananibusu hapa." Akagusa paji la uso. "Anasema, 'Ona, mpenzi. Uko hapa, si pale.'"

Wapo wanaume wanaopiga, na hao angalau huacha jeraha ambalo daktari anaweza kulipima. Na wapo wa aina ya panya, wanaouma na kupuliza, hata mwenye mguu asijue kidole chake kimeishia wapi. Msasa aliwahi kuwakamata wa kwanza wengi. Wa pili hakuwahi kumkamata hata mmoja, kwa kuwa aliyeumwa ndiye huwa wa kwanza kuwatetea.

"Hiyo filamu inahusu nini?" aliuliza.

"Mume anayemfanya mkewe ajione kichaa, kidogo kidogo, ili asiweze kumwacha." Alisema kama anasoma bei ya sabuni. "Mwisho mke anamchoma."

"Na hukuwahi kufikiri..."

"Ni filamu, afande," mke alisema, akimwonea huruma.

Hospitalini, mwongozaji alikuwa amelazwa chumba cha peke yake, bega limefungwa bendeji nyeupe, ndevu zimechanwa. Kando ya kitanda aliketi mwanamke anamenya chungwa. Msasa alidhani ni dada wa mgonjwa, au mama mdogo. Kumbe alikuwa dada mkubwa wa yule aliyeko selo.

"Shemeji hajala tangu jana," dada alisema, kana kwamba polisi ndio waliomnyima chakula.

"Mdogo wako naye hajala," Msasa alimjibu.

Dada akainamisha kichwa, akaendelea kumenya. Mwongozaji akatabasamu kwa upole. Alikuwa na sauti nzuri, ya chini, inayomfanya mtu asogee karibu ili aisikie, na ukisha kusogea umeshakuwa wake.

"Inspekta, sina kinyongo. Mke wangu ni mgonjwa na mimi ndiye niliyechelewa kukubali. Msimfunge. Nirudishieni tu."

"Nani alitakiwa asimame mbele ya kisu?"

"Kijana wetu, mwigizaji mkuu wa kiume. Wanamwita Twiga. Shati lake lilimwagikiwa chai, akaenda kubadilisha. Sikutaka watu wakae bure, nikasema nisimame mimi. Mazoezi tu."

"Uliamua lini?"

"Palepale."

"Na kamera ilikuwa inapiga."

"Kamera naiacha iwake. Mara nyingine mazoezi huwa bora kuliko kazi yenyewe."

"Kisu cha kweli kinakaa wapi?"

"Kwenye sanduku la vifaa. Tunakitumia kwa picha za karibu, kukata nyanya na kadhalika. Mtunza vifaa ana ufunguo, na mimi ninao. Wangu unaning'inia nyumbani, mke wangu anajua ulipo." Akasita, kama mtu anayeumizwa na lile analotaka kusema. "Sipendi kusema mabaya ya mtu. Lakini Twiga amekuwa akimtia mke wangu maneno. Vijana hawa... Ningekuwa wewe ningemuuliza kijana huyo kuhusu kisu."

Msasa akaandika hilo. Hakulipenda, lakini mpelelezi, kama mbwa, hachagui mifupa. Kisha akamgeukia dada.

"Mdogo wako aliwahi kukuambia anataka kuondoka?"

Kisu cha kumenyea kilisimama. "Siku chache kabla ya haya. Alisema filamu ikiisha anakuja kukaa kwangu. Nikamwambia, mwenzangu, mume kama huyu utampata wapi? Hakupigi, halewi, kila mtu anamheshimu. Ukiacha mbachao kwa msala upitao utalia."

"Ukamwambia nani mwingine?"

Dada alimtazama shemeji yake. Mwongozaji alikuwa anatazama dirishani.

"Nilimweleza shemeji," dada alisema. "Si ni mumewe? Niliona vizuri ajue, wayamalize wenyewe."

"Shemeji, hayo ni ya ndani," mwongozaji akasema, bado kwa upole, na akapokea chungwa kwa mkono wake mzima. "Asante. Wewe ndiye ndugu wa kweli."

Msasa alitoka kabla hajasema neno ambalo lingemwondoa kazini. Kwenye ngazi alilisema, peke yake, na muuguzi aliyekuwa anapanda akajibana ukutani.

Ghala la studio lilikuwa limefungwa kwa utepe wa polisi tangu kisa kitokee, na tangu hapo hakuna kilichoguswa. Alikuwa amewaita watu wawili wamsubiri mlangoni. Mmoja alikuwa fundi taa, mzee mkavu mwenye glavu za ngozi mfukoni. Wa pili alikuwa Twiga, na hakuhitaji kutambulishwa, kwani aliinama kupita mlango ambao wenzake hupita wakiwa wima.

Alianza na Twiga, na alianza kwa ukali, kwa kuwa bado neno la hospitali lilikuwa kwenye daftari lake.

"Nimeambiwa wewe na mke wa mwongozaji mna yenu."

"Nani kasema? Yeye?" Twiga alicheka bila furaha. "Nilimwambia mkewe kitu kimoja tu. Nilimwambia, mbona unaomba radhi kila ukipumua? Basi. Kuanzia siku hiyo mwongozaji hakunisalimia."

"Unajua sanduku la visu linavyofunguliwa?"

"Afande, aliyekuwa achomwe ni mimi. Ningebadilisha kisu nijichimbie kaburi langu mwenyewe?"

"Kama ulijua hutakuwepo, hapana. Na hukuwepo. Chai ilikumwagikia wakati mzuri sana."

"Haikunimwagikia. Nilimwagiwa." Kijana alikunja uso. "Mwongozaji alipita akanigonga kiwiko. Kikombe chote kifuani. Halafu akaniomba radhi, akanishika bega. Nilishangaa. Yule haombi radhi kwa mtu, labda kwa kamera."

Msasa alifunga daftari. Hasira yake, iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi bila mwenyewe, ilianza kupata anwani. Lakini kugonga kiwiko si kosa la jinai. Watu hugongana. Mwanasheria yeyote wa mwongozaji angelipangusa hilo kwa kitambaa cha mkono.

"Washa taa," alimwambia fundi. "Zote, kama zilivyokuwa siku ile. Usisogeze kitu."

Jiko la mbao likang'aa. Sakafuni kulikuwa na vipande viwili vya utepe, cha buluu karibu na meza na chekundu mbele yake. Karibu na chekundu damu ilikuwa imekauka. Msasa aliruka damu, akasimama juu ya utepe mwekundu, mahali alipochomwa mwongozaji. Taa ikampiga machoni akafumba.

Alikaa hapo kitambo amefumba macho, joto la taa likimpapasa usoni kuanzia paji hadi kidevu. Akaikumbuka video. Picha safi mpaka jasho unaliona. Akajua kilichokuwa kinamkera.

"Twiga," aliita. "Njoo usimame hapa."

Kijana alikuja akasimama. Taa ilimmulika kifua, ikamkata shingoni. Kichwa chake kilikuwa gizani.

Fundi taa alivua kofia akaishika.

"Huu ndio utepe wake?" Msasa aliuliza. "Wa siku zote?"

"Ndio wangu," Twiga alisema kutoka gizani.

"Fundi, ukipanga taa ya mtu huyu, unamwacha bila kichwa?"

"Nilimwambia." Mzee alikuwa ameanza kulowa jasho. "Nilimwambia mwongozaji, tukiishusha hii taa, Twiga hatakuwa na uso. Akaniambia nifanye kazi niliyoajiriwa. Nikaishusha. Mimi ni nani?"

"Lini? Baada ya Twiga kwenda kubadilisha shati?"

"Aa, hapana. Asubuhi tulipofika. Hata chai ilikuwa haijaletwa."

Hata chai ilikuwa haijaletwa. Msasa aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Mtu anasema aliamua palepale kusimama badala ya kijana, kwa sababu ya chai. Lakini kabla chai haijafika alikuwa ameshashusha taa kwa kimo chake. Alijua nani atasimama hapo. Alijua kisu kitakuwa kipi, alijua mkono wa mkewe utashukia wapi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufundisha kushuka. Alijua bega litapona. Kitu kimoja tu hakuweza kujinyima: alikwenda kuchomwa kisu na bado akataka aonekane vizuri. Mwizi wa kawaida huiba gizani. Huyu aliona giza halimpendezi.

"Mshenzi," Msasa alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja cheo.

Alikuwa anageuka kuondoka alipokumbuka maneno ya selo. Akachukua tochi, akapiga magoti kando ya utepe wa buluu, akailaza tochi sakafuni ili mwanga upite chini chini.

Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi. Utepe ukitolewa huacha gundi, na gundi hushika vumbi la viatu. Kuzunguka utepe wa buluu palikuwa na alama za gundi za mstatili, moja hapa, nyingine nusu hatua kule, nyingine pembeni, zingine zimepandana. Nyingine zilikuwa hazijashika vumbi hata kidogo, bado zinanata. Akatambaa hadi kwenye utepe mwekundu, akamulika. Pale palikuwa na alama moja tu, chini ya utepe wenyewe.

"Nani anabandika hizi?"

"Msaidizi wa kamera," fundi alisema. "Siku ya kwanza. Baada ya hapo mwongozaji akatupiga marufuku. Alisema, 'Alama za mke wangu nitazishughulikia mwenyewe, asiguse mtu.'"

"Na nyinyi mkasemaje?"

Mzee aliitazama kofia yake. "Tulisema hayo ndiyo mapenzi."

Msasa alibaki amepiga magoti. Aliona siku zote zile kwa mkupuo mmoja. Watu wanatoka kwenda kula, mume anabaki, anainama, anabandua, anabandika nusu hatua upande. Watu wanarudi. Mke anaingia mlangoni na miguu yake iliyokariri vizuri, anasimama mahali sahihi, na mahali sahihi pameshahamishwa. Kundi zima linaguna. Mume anakuja taratibu na kidole chake na busu lake. Na hao wote waliokuwa wakiguna walikuwa na macho, na hakuna aliyetazama sakafu. Alitamani kuwachapa mmoja mmoja. Badala yake alitoa simu akampigia Mkuu.

"Gari la hospitali limefika, Msasa. Mume yuko hapa na kalamu mkononi."

"Asitie saini. Waleteni wote huku. Mke, mume, na yule dada."

"Msasa."

"Afande, ukija ukaona ninakupotezea muda, nitavua cheo nikukabidhi mbele yao."

Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja Msasa hakuwahi kuweka cheo rehani. "Tunakuja," Mkuu alisema.

Waliingia jua likiwa bado linapenya kwenye madirisha ya juu ya ghala. Mkuu mbele, nyuma yake mwongozaji na mkono wake kwenye kitambaa cha shingoni, akimwongoza mkewe kwa kiwiko. Dada alikuja mwisho, ameshika sanduku dogo la nguo za mdogo wake. Tayari kwa kumhamisha, Msasa alifikiri. Wamempangia na nguo.

"Hii haifai," mwongozaji alisema. "Unamrudisha mgonjwa mahali palipomuumiza."

"Ni dakika chache." Msasa alimwendea mke, akasimama mbele yake ili wawe wawili tu. "Nataka ufanye kitu kimoja. Toka nje ya mlango ule, uingie kama ulivyoingia siku ya kwanza ya kazi. Uende ukasimame kwenye alama yako."

Mke akarudi nyuma hatua moja. "Nitakosea."

"Kosea tu. Usitazame chini, nitazame mimi."

Alitoka. Kisha mlango wa mbao ukafunguka na mwanamke mwingine kabisa akaingia, shingo juu, hatua zake zimepimwa, mtu anayejua kazi yake. Alipita sinki, akapita meza, akasimama.

Utepe wa buluu ulikuwa nusu hatua kushoto kwake.

Alijua kwa kutazama nyuso zao. Akainamisha macho, akauona, na yule mwanamke wa mlangoni akatoweka. "Samahani," alisema. "Samahanini jamani. Nimekosea tena."

Na mwongozaji, kwa mazoea, kabla hajajizuia, alishaanza kwenda. Aliinama kidogo, akanyoosha kidole cha mkono wake mzima.

"Ona, mpenzi. Uko hapa, si pale."

"Simama hapo hapo, bwana," Msasa alisema, na safari hii hasira ilikuwa wazi katika sauti yake, wala hakuifunika. "Usimguse." Akapiga magoti mbele ya miguu ya mke, akalaza tochi sakafuni. "Dada yangu, inua kisigino."

Mke akainua. Chini ya kiatu chake palikuwa na mstatili wa gundi, mweusi wa vumbi, mkongwe kuliko yote, pembe zake zimelika kwa kukanyagwa tangu siku ya kwanza.

"Hii ndiyo alama yako. Msaidizi wa kamera aliibandika hapa. Hizi nyingine zote," akazungusha tochi, na alama zikajitokeza moja baada ya nyingine, "kabandika mumeo, mlipokwenda kula. Hujawahi kukosea. Hata siku moja."

Sanduku la nguo lilimdondoka dada. Alikuja mpaka pale, akapiga magoti yeye pia, akagusa gundi moja iliyokuwa bado inanata, akatazama kidole chake. "Na mimi nilikuwa nammenyea chungwa," alisema, akaanza kulia.

"Haya ni mambo ya kazi," mwongozaji alisema. Sauti nzuri ilikuwa imepanda kidogo. "Alama husogezwa. Inspekta hajui filamu."

"Filamu siijui," Msasa alisema. "Taa naijua." Akamweleza Mkuu habari ya taa, kwa maneno machache: kimo cha Twiga, kimo cha mume, asubuhi, chai. Fundi taa aliulizwa akasema ndiyo. Twiga aliulizwa akasema ndiyo, alinigonga mwenyewe. Mkuu aliitazama taa, akamtazama mwongozaji, akaitazama tena taa. Alikuwa mvivu, lakini kujumlisha alijua, na alikumbuka ni nani asubuhi ile aliyesifu jasho kwenye picha. Masikio yalimwiva kwa aibu.

"Bwana," alisema mwishowe, "gari la hospitali nitalirudisha. Utakwenda na letu. Tutapitia kwako, utukabidhi ufunguo wa sanduku la visu."

Mwongozaji hakumtazama Mkuu. Alimtazama mkewe, na sauti ikashuka tena, tamu, ya kumfanya mtu asogee. "Mpenzi. Waambie. Unajua ulivyo. Njoo hapa."

Kila mtu alingoja. Msasa alibaki chini na tochi yake, kwa kuwa kesi nzima ilikuwa hapo, si kwenye taa wala kwenye kisu. Kama mwanamke huyu angesogea hata nusu hatua, mawakili wangemaliza kazi iliyobaki.

Mke alitazama miguu yake. Aliitazama muda mrefu, mguu huu na mguu ule, kama ndugu aliowasingizia wizi. Kisha akashusha kisigino chake juu ya ile gundi nyeusi, akakikandamiza.

"Mimi niko hapa," alisema. "Wewe ndiye uko pale."

Fundi taa, bila kuambiwa na mtu, alivaa glavu zake, akaishika taa na kuisogeza taratibu mpaka mwanga ukamfikia mke alipo.